Adui wa Darasa la Saba

Sehemu ya nne

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, shika hapa kwanza.

Deodata alikuwa binti wa Kazimili, kamanda wa mgambo katika kijiji kimoja cha ujamaa kando ya Bugarama. Mwaka ule wa vita alikuwa darasa la saba. Gari la sinema la serikali lilifika, likatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, na kijiji kizima kikaona vifaru, mizinga, na mateka waliofungwa mikono wakitembezwa kwa magoti. Watu walishangilia mpaka koo zikawakauka. Tangu hapo wasichana wa darasa la saba hawakucheza rede tena. Walicheza Vita.

Jovina, ambaye kaka yake Pancras alikuwa mstari wa mbele na hajaleta habari tangu Krismasi, akawa Kamanda. Zita akawa askari wake. Deodata alijaliwa sauti ya kusoma, akawa Redio. Kazi yake kutangaza ushindi. Adui akawa Eustakia, binti wa Nzeyimana, mkimbizi kutoka Burundi. Mwanzo walipokezana zamu ya uadui. Baadaye zamu ikamgandia Eustakia peke yake, na wimbo juu: Eustakia mpelelezi.

Alhamisi walimfunga kwenye nguzo ya nyumba iliyobomoka huko mahameni, kwenye makazi ya zamani yaliyoachwa watu walipohamishiwa kijijini. Mvua ikashuka, wakakimbia, wakamwacha. Jioni Nzeyimana alipita nyumba hadi nyumba akimuulizia mwanawe. Deodata akamjibu hajamwona.

Ijumaa kulipopambazuka alirudi kumfungua. Eustakia hakuwepo. Kamba ilikuwa imekatwa kwa kisu.

Hapo ndipo tulipomwacha.

*

Deodata alikuwa bado ameshika ncha ya kamba aliposikia nyasi zikikanyagwa nyuma yake. Akageuka, roho mkononi.

Alikuwa Jovina. Peke yake, bila kikosi. Mkononi alishika kiazi cha kuchemsha kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Yuko wapi?" Jovina aliuliza.

"Hata mimi najiuliza. Tazama hapa. Imekatwa."

Jovina akaichukua kamba, akapitisha kidole pale ilipokatika. "Hiki ni kisu. Kuna mtu alikuja."

"Mtu gani?"

"Ningejua ningekuuliza wewe?"

Wakaanza kuita. Eustakia! Eustakia! Wakapita kwenye migomba iliyogeuka pori, wakachungulia ndani ya kuta zilizobaki nusu. Hakuna aliyeitika.

"Baba yake alikuja kwetu jana," Deodata alisema. "Nilimwambia sijamwona."

"Na kwetu alikuja. Nami nikasema hivyo hivyo. Umeona? Tumeshasema. Neno likitoka halirudi."

"Linarudi. Twende kwa baba sasa hivi, sote wawili."

"Baba yako ni baba yako! Atakuchapa, yaishe. Mimi nitatetewa na nani? Pancras hayupo." Halafu akakaza uso, vile alivyozoea kuukaza anapokuwa Kamanda. "Sikiliza. Wewe hukufika hapa, mimi sikufika, Zita hakufika. Aliyekata kamba amemrudisha kwao. Mambo yamekwisha."

"Na kama hakumrudisha?"

Jovina aliikunja ile kamba, akaitumbukiza kwenye shimo la choo cha zamani. Kisha akakitazama kile kiazi kama asiyejua kimefikaje mkononi mwake, nacho akakitupa huko huko.

*

Kazimili alikuwa na mguu mmoja mfupi tangu utoto. Vijana wa mgambo walipopakiwa kwenye malori kwenda vitani, yeye aliachwa na filimbi yake shingoni, awalinde wazee na watoto. Vita vyote alivipigana redioni. Taarifa ya habari aliisikiliza amesimama wima.

Asubuhi hiyo Deodata alimkuta uani anafunga viatu vya jeshi, uso umemchangamka kama bwana harusi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umetoka wapi na umande huo miguuni?"

"Kuchota maji."

"Ndoo iko wapi?"

Kabla hajapata uongo wa pili, baba yake alimwokoa bila kujua, maana alikuwa na lake la kusema na lilikuwa linamwasha.

"Tumemkamata mpelelezi. Hapa hapa kijijini! Mtu tuliyempokea kwa mikono miwili, tukampa na kiwanja."

"Nani, Baba?"

"Nzeyimana."

Deodata alishika nguzo ya baraza. Nyumba yao hiyo, Nzeyimana ndiye aliyeiezeka. Alikuwa juu ya paa hilo siku nzima akiimba kwa Kirundi, na Eustakia chini anamrushia mafungu ya nyasi. Siku hiyo ndiyo wasichana hao wawili walianza kuwa marafiki.

Mambo yalikwenda hivi. Alfajiri Nzeyimana alikuja kutoa taarifa kwamba bintiye hakulala nyumbani. Kazimili akamuuliza amekwenda wapi. Hajui. Majirani wakaanza kukumbushana: mbona watoto kila jioni wanaimba kuwa yule msichana ni mpelelezi? Mmoja akasema lazima ametumwa ng'ambo na habari. Mwingine akasema baba amebaki ili kutuzuga. Jua lilipotoka, Nzeyimana alikuwa ndani ya ghala, mikono imefungwa nyuma.

"Hata watoto walijua," Kazimili alisema. "Sisi wakubwa tumelala usingizi. Mtoto hasemi uongo."

Genoveva, mama yake Deodata, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akainua kichwa.

"Mpelelezi wa nani, Baba Deodata? Vita viko Uganda. Huyu ametoka Burundi. Uganda iko kule, Burundi iko huku."

"Mambo ya ulinzi huyajui wewe."

"Njia nazijua."

"Lori lililoleta chumvi linarudi Ngara leo mchana. Atapanda humo. Wilayani watamuuliza vizuri."

Watu walikuwa wanaogopa sana mwaka ule. Mtu akitajwa kuwa mpelelezi, akapakiwa kwenye lori, hakuna aliyetia mguu kumfuata kuuliza habari zake.

"Baba," Deodata alianza.

"Wahi shule." Kazimili akasimama, akajaribu uzito wa kiatu kwenye mguu mfupi. Kisha akamwekea bintiye mkono kichwani, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. "Mwanangu, leo hata mimi nimepigana vita."

Deodata akaondoka kwenda shule.

*

Shuleni baada ya mchakamchaka, Mwalimu Renatus aliwasimamisha kwenye gwaride.

"Nimesikia darasa la saba mlikuwa wa kwanza kumtilia shaka yule msichana," alisema. "Nasema hongereni. Huo ndio ulinzi wa taifa. Wapigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Zita akatoa kifua mbele. Jovina alitazama chini.

Walipopelekwa shamba la shule kupalilia, aliwavuta Jovina na Zita kando, kwenye mstari wa mwisho wa mahindi.

"Mzee Nzeyimana yuko ghalani. Wanampeleka Ngara mchana."

"Tumesikia," Zita alisema. "Labda kweli ni mpelelezi."

"Zita! Sisi ndio tuliotunga! Tulitunga wimbo, wewe mwenyewe ulitunga ubeti wa pili!"

"Basi mbona wakubwa wameuamini? Wakubwa hawawezi kuamini kitu cha uongo."

Jovina aliendelea kupalilia. "Ukienda kusema," alisema bila kuinua uso, "nami nitasema. Nani alitangaza kwamba adui afungwe pale?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nitangaze."

"Nani atauliza nani aliiambia redio? Watu husikia redio."

"Jovina, sitaki kugombana. Angekuwa Pancras ndiye kafungwa ghalani mahali asikojulikana, na yuko mtu anaujua ukweli wake, ungetaka mtu huyo anyamaze?"

Kofi lilikuja kabla neno halijaisha. Halikuwa kofi la mchezo. Deodata akaanguka juu ya mahindi, damu puani, na Jovina akawa juu yake anampiga kwa ngumi, analia anapiga, anapiga analia, mpaka Zita akamvuta nyuma kwa gauni.

"Usimtaje!" Jovina alipiga kelele. "Usimtaje tena Pancras kwa mdomo wako huo!"

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wahenga walisema, na Deodata alikuwa ameandika methali hiyo mara nyingi kwenye madaftari ya shule bila kujua uzito wake. Alijifuta pua kwa mkono. Akaliacha jembe pale pale, akapita mbele ya Mwalimu Renatus bila kuomba ruhusa, akashika njia ya ofisi ya kijiji.

*

Chumvi ilikuwa imeadimika tangu mwezi uliopita, kwa hiyo siku hiyo hakuna aliyebaki nyumbani. Foleni ilianzia mlango wa duka la kijiji, ikazunguka ofisi, ikapita mbele ya ghala. Lori lilikuwa limegeuzwa tayari. Dereva alikuwa anamalizia ugali wake kwenye ngazi.

Kazimili alisimama mlangoni pa ghala na vijana wawili wenye marungu. Nzeyimana walikuwa wamekwisha kumtoa. Shati lake lilikuwa limechanika begani. Hakuwa akibishana na mtu. Alikuwa anarudia jambo moja tu kwa kila aliyepita karibu yake.

"Mtafuteni mtoto kwanza. Mimi nipelekeni mnakotaka. Mtafuteni mtoto kwanza."

Deodata akapenya kwenye foleni. Genoveva, aliyekuwa katikati ya wanawake na kikapu chake, akamwona damu usoni, akashtuka.

"Nani kakufanya hivyo?"

Deodata hakusimama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa baba yake.

"Baba, mfungue. Eustakia hakutoroka. Tulimfunga sisi."

Kazimili akainama karibu na sikio lake. "Nyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda nyumbani. Tutaongea nyumbani."

"Lori linaondoka, Baba."

"Deodata, unataka kunivua nguo mbele ya watu?"

Lilikuwa ombi, halikuwa tishio. Alimwona baba yake anaomba, kamanda mzima. Akatamani ardhi ipasuke.

Halafu dereva akasimama, akakung'uta makombo, akapanda lori, akawasha moto.

Deodata akageuka akatazama foleni. Akafungua mdomo, na ikatoka ile sauti ya kutangazia, sauti iliyofika mpaka mwisho wa mstari.

"Ndugu wananchi! Mzee huyu si mpelelezi. Wimbo wa mpelelezi tuliutunga sisi, darasa la saba, baada ya sinema. Eustakia hakwenda ng'ambo. Alhamisi tulimpeleka mahameni, tukamfunga kwenye nguzo kwa kamba ya mgomba. Mimi nilikuwapo. Mimi ndiye niliyetangaza afungwe. Mvua ikaja tukamwacha. Mzee huyu alikuja nyumbani kuniuliza, nikamdanganya. Leo asubuhi nimekwenda kumfungua, nikakuta kamba imekatwa. Aliko sasa sijui."

Lori peke yake lilikuwa linanguruma. Nzeyimana alimtazama bila kupepesa.

"Waiteni wenzake anaocheza nao," mzee mmoja alisema. "Hilo si la kusikia kwa mdomo mmoja."

Wakaitwa. Jovina na Zita walikuja na Mwalimu Renatus, mikono bado ina udongo. Kazimili akawauliza, na katika swali lake kila mtu alisikia mtu anayetafuta pa kushika.

"Mlikuwa mahameni Alhamisi?"

"Hapana, Kamanda," Jovina alisema. "Mimi nilikuwa nyumbani. Deodata ndiye aliyekuwa akitembea na Eustakia kila siku. Kama alifungwa, amefungwa na rafiki yake."

"Zita?"

Zita akamtazama Jovina, akamtazama Deodata, akatazama marungu ya wale vijana. "Hata mimi sikuwapo," alisema.

Minong'ono ikaanza. Binti wa Kamanda! Alimfunga mwenzie, halafu baba akamfunga mzazi wa aliyefungwa! Mwanamke mmoja akatema mate chini. Mwingine akauliza kwa sauti, makusudi asikike: "Na mwili ameuficha wapi?"

Genoveva akaweka kikapu chake chini, akatoka kwenye foleni aliyokuwa ameikalia tangu asubuhi, akaja akasimama kando ya bintiye. Hakumshika. Alisimama tu.

"Mimi nimesikia aliyosema," aliwaambia wanawake wenzake. "Hakusema hakuwapo. Wanaosema hawakuwapo ni wengine."

*

Ndipo watu wa mwisho wa foleni wakaanza kugawanyika katikati, kama wanaompisha mtu.

Alikuwa Bibi Adelfina, mjane aliyekuwa akilalamikia viungo kila siku na haonekani mikutanoni. Anatembea polepole, kisu cha kukatia ndizi kiunoni, na begani kamwegemeza msichana aliyejifunika kanga mpaka kichwani.

"Mama wee!" mwanamke mmoja alipiga ukelele. "Ni Eustakia!"

Nzeyimana alitaka kukimbia, akasahau kwamba amefungwa, akaanguka kifudifudi.

"Mfungueni," Kazimili alisema. Vijana wakachelewa. "Nimesema mfungueni!"

Bibi Adelfina alipumua kwanza, kisha akasema bila kuulizwa, kama mtu aliyekuwa akijisomea njia nzima.

"Nimemkuta jana jioni, amefungwa, mvua inampiga. Kuita alikuwa hawezi tena. Nikakata kamba. Mnaniuliza nilikuwa natafuta nini mahameni? Nina kibanda bondeni kule. Ndiyo, Kamanda. Nimekatazwa, na ninacho. Migomba yangu ndiyo inayonilisha, siyo shamba lenu la kijiji. Mtoto nilimkokota hadi humo, usiku akapata homa, kumbeba mpaka huku siwezi, na kuja kuwaita niliogopa mtanitoza faini mkateketeza kibanda. Nilisubiri aweze kusimama. Kama nimekosa, hapa nimefika. Lakini mtoto si mtu wa kuachwa kwenye mvua, hata awe mtoto wa nani."

Kanga ilikuwa imeteleza. Vifundo vya mikono ya Eustakia vilikuwa vimevimba, ngozi imechubuka mzunguko mzima. Kazimili akapiga goti mbele yake, ule mguu mfupi ukimpa shida.

"Mwanangu, ni nani aliyekufunga?"

Eustakia aligeuza kichwa. "Semea upande huu," alisema taratibu. "Huku sisikii. Zita alinipiga na fimbo."

Kazimili akahamia upande mwingine, akauliza tena.

Eustakia akainua mkono. Kidole kikaenda kwa Zita, na Zita akaanza kulia. Kikaenda kwa Jovina, na Jovina akakaa chini kwenye vumbi. Watu wakaguna. Basi Deodata alisema kweli! Genoveva akavuta pumzi ndefu. Hata Kazimili, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alimtazama bintiye usoni.

Lakini kidole hakikushuka. Kilisogea mpaka kwa Deodata, kikabaki pale.

"Huyu naye alikufunga?"

"Huyu hakunifunga," Eustakia alisema. "Hao wawili nilikuwa nawaogopa tangu zamani, nilijua watanipiga. Huyu nilimwita kwa jina lake. Nilimwambia, Deodata, mikono inauma, huu si mchezo tena. Akacheka. Akasema kwa sauti ya redio, adui anaomba huruma. Wote wakacheka. Ndipo mvua ikaja, wakakimbia."

Hilo Deodata hakuwa amelitaja mbele ya watu. Wala hakulificha. Alikuwa amekusanya makosa yake yote usiku kucha, akayapanga, na kicheko hakukihesabu kuwa kosa. Sasa alikisikia, kilivyotoka, kilivyokuwa chepesi.

Nzeyimana alikuwa amekwisha kufunguliwa. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono yote miwili, akambusu penye lile sikio, akamwambia maneno ya Kirundi ambayo watu waligeuza nyuso wasiyasikie. Halafu akamwachia. Akanyooka. Akaanza kutembea kuelekea kwa Deodata.

Kazimili akaruka na mguu wake, akaingia katikati, mkono mmoja begani kwa bintiye.

"Mzee Nzeyimana, una haki ya hasira. Lakini huyu ni mtoto. Nilaumu mimi."

"Sikuja kumpiga, Kamanda." Nzeyimana alikuwa anajisugua mikono penye alama za kamba. "Mimi nimeona watu wazima wakicheka hivyo kule nilikotoka. Nilikimbia usiku nikiwa nimembeba huyu mgongoni, na sikusimama kuwauliza. Leo nina wa kumuuliza."

Alimtazama Deodata juu ya bega la baba yake. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mwenzio alipokuita, ulicheka nini?"

Dereva alikuwa amezima lori. Watu wa foleni walikuwa wamesahau chumvi. Deodata alimtazama mama yake. Genoveva akatazama chini. Akamtazama baba yake.

Kazimili akauondoa mkono wake begani kwa binti yake, akarudi nyuma hatua, akawaacha wawili hao uso kwa uso.

"Mjibu mzee," alisema.